Breki za Nyuma za Gari la Baba

Mama yangu hakupanda gari la baba kwa miaka tisa. Lilikaa uani kwetu, hatua kumi kutoka jikoni kwake, na kila asubuhi alilipita akienda kuanika nguo, akilikwepa kama jirani aliyekosana naye. Akitaka kwenda sokoni aliita bajaji. Akienda msibani Raskazone, bajaji. Baba alipokuwa hai alimfuata nyuma polepole, kioo ameshusha, akimwambia, "Mke wangu, waniaibisha mjini," na mama alimwambia dereva wa bajaji aongeze mwendo. Sisi watoto tulicheka mpaka tukazoea, na tulipozoea hatukuuliza tena.

Mambo yalianzia kwenye kona moja ya mlimani, chini kidogo ya Soni, kwenye barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mombo. Mama ana dada mmoja tu, mkubwa wake, aliyeolewa Lushoto akafungua duka la vitambaa huko. Kila mwaka wazazi wangu walipanda kumtazama wakarudi na vikapu vya plamsi na peasi. Safari ile walikuwa wanashuka. Gari ni la Kiingereza, la zamani kuliko mimi, rangi ya maziwa, taa za mviringo. Magurudumu ya mbele yalikuwa na breki za diski, ya nyuma yalikuwa na zile za dramu, na baba alikanyaga breki njia nzima kama alivyozoea mjini. Mama ndiye aliyesikia harufu kwanza, kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Kisha baba akakanyaga, mguu ukazama mpaka chini, na gari halikujali.

Akaliingiza kwenye ukingo wa udongo, upande wa mlima. Alhamdulillahi, kilichovunjika ni taa moja. Plamsi zilimwagika zikateremka barabarani zenyewe. Mama alishuka, akatengeneza mtandio wake, akasimamisha basi lililokuwa likipita, akafika Tanga kabla ya magharibi. Baba alifika kesho yake, amevutwa na lori. "Sipandi tena," mama alisema, akaingia jikoni.

Baba alifariki miaka mitano iliyopita. Mimi nikarithi duka lake la vifaa vya ujenzi pale Usagara, gari, na hasira zake. Kaka zangu husema hasira nilipewa fungu langu na lao. Ni kweli. Mtu akinichelewesha nachemka, na nikishachemka hata mashine ya kukatia vigae hainishindi kelele.

Mwaka jana masikio ya mama mkubwa yalianza kufa. Yeye na mama walikuwa na desturi ya kupigiana simu kila siku baada ya alasiri, wakisengenya ukoo mzima kwa Kikachi, lugha ya mababu zetu waliotoka Bara Hindi, na Kiswahili, vimechanganywa kama achari. Sasa simu ikawa ni mama kupiga kelele, "Ni mie! Mie mdogo wako!" na upande wa pili sauti ikiuliza, "Nani? Nani huyo?" Siku moja nilimkuta mama amekaa na simu mapajani, amekwishaikata. Akaniambia, "Hanisikii tena. Ikifika Ramadhani atakuwa hanijui. Lazima anione uso."

Goti lake haliwezi ngazi za basi. Gari la kukodi alilikataa, akisema hawezi kupandishwa mlima na mtu asiyemjua hata jina la mama yake. Nami, niseme ukweli, sikumbembeleza sana juu ya hilo gari la kukodi. Nilitaka apande lile la uani. Nilitaka amsamehe baba, na sikujua njia nyingine ya kumfanya amsamehe.

Nilimpelekea fundi mmoja wa mtaa wa Mabawa habari zangu. Gereji yake ni bati sita zilizoegemezwa kwenye ukuta wa jirani. Yeye ni Mshambaa, lakini wa tambarare. Baba yake alikata mkonge maisha yake yote, na fundi alizaliwa kambini, akakulia huko huko. Ni Mlutheri, mwimbaji wa kwaya, na hufanya kazi huku anavuma wimbo bila maneno. Alilala chini ya gari, akafungua gurudumu la nyuma, akaivua dramu, akanionyesha ndani. Chumvi ya hewa ya Tanga ilikuwa imekula kila kitu, na ile kutu nyekundu ikamwagika kama bizari.

"Dada, dramu ni chungu kilichofunikwa," alisema. "Unakanyaga, ndani mnasuguana, moto hauna pa kutokea. Ukikanyaga tena na tena mlimani, chungu kinachemka. Diski iko wazi, upepo unaipiga. Tuvue hizi, tufunge diski na nyuma pia."

"Zipo za gari hili?"

"Hakuna. Tutazifanya zikubali."

Nilipomwambia mama alikuwa anakata bamia. Hakuinua uso. "Huyo fundi ana mke?"

"Anaye."

"Basi kazi ikisha, mkewe akae kiti cha nyuma kwanza, nami nikitazama. Mpishi asowapa wanawe chakula chake, mie nikile kwa lipi?"

Niliona haya kumpelekea mtu ujumbe wa namna hiyo. Fundi hata hakushangaa. "Mama ana haki," alisema, akaendelea kuvuma wimbo wake.

Diski mbili alizipata kwenye gari la Kijapani lililokwisha kugongwa. Akazipeleka kwa mtu wa kukereza vyuma, tundu la katikati likapanuliwa mpaka zikakaa kwenye ekseli yetu. Kazi ngumu ilikuwa vibao vya chuma vya kushikilia kalipa, yaani lile koleo linalozibana pedi kwenye diski. Alivichora kwanza kwenye karatasi ngumu ya kalenda iliyokwisha mwaka, akaikata, akaijaribisha, akaitupa, akachora nyingine. Kisha akahamia kwenye chuma, na tupa mkononi. Siku sita alisugua. Siku ya nne nilikwenda kumgombeza. Nilimkuta amefumba macho, anapitisha kidole ukingoni mwa chuma. Nilikaa kwenye ndoo ya rangi nikamtazama mpaka adhuhuri, duka nikaliacha na karani.

Siku ya saba akaniomba sindano.

"Diski ikiyumba unene wa unywele tu, breki itatetemeka. Kuna kifaa cha kupimia, mimi sina. Niletee sindano nyembamba kuliko zote."

Mama ana kopo la biskuti lililojaa sindano. Nilimweleza ni ya nini. Alichambua muda mrefu, akatoa moja ya kutungia shanga, ambayo ukiishika huioni mpaka uigeuze kwenye mwanga. "Irudi," akasema.

Fundi aliibandika kwa nta kwenye ncha ya nondo, akaisogeza mpaka ikakaribia uso wa diski. Akainua mkono, na gereji nzima ikazima vyombo vyake. Akaizungusha diski kwa kidole. Kri. Kimya. Kri. Kimya. Sindano iligusa mahali pamoja tu pa mzunguko. Alilegeza nati, akakata kipande cha kopo la soda, akakipachika nyuma ya diski, akakaza, akazungusha. Kri, lakini ndogo. Akalegeza tena. Sijui alirudia mara ngapi. Mwisho diski ikazunguka na hapakuwa na sauti. Basi akaisogeza sindano karibu zaidi, na zaidi, mpaka ikaanza kulia, na mlio ule ulikuwa mmoja, haukatiki, mwembamba, kutoka mwanzo wa duara hadi mwanzo wake tena.

"Sasa inaimba sauti moja," alisema fundi.

Nikasema Subhanallah kwa sauti, mbele ya watu, mimi ninayeuza vyuma kila siku na sijapata kukistaajabia hata kimoja. Kipande cha gari lililokufa, kopo la soda na sindano ya shanga, na mtu mmoja aliyeshika pumzi yake. Niliona kama nimeruhusiwa kutazama kitu ambacho kwa kawaida watu hufungiwa mlango.

Kuna jambo nililoliona siku hiyo hiyo na sikulistaajabia, ingawa ilinipasa. Zile dramu za zamani ndizo zilizokuwa zikishikwa na handibreki. Fundi alipozivua alikuta waya wa handibreki umeganda kwa kutu, akaukata vipande, akavitupa kwenye vyuma chakavu. Nilikuwa nimesimama pale. Sisi watu wa Tanga mji wetu bapa kama sinia. Handibreki hatuijui. Chumvi huigandisha, tunaisahau, tunaegesha gari kwa gia na maisha yanaendelea. Hakuna aliyesema neno, si fundi, si mimi, si wale vijana wote wa gereji waliokuwa wakitoa ushauri ambao hawakuombwa.

Alipomaliza alifunga pedi mpya mbele, akabadilisha mafuta ya breki, akatoa upepo, akatia kidude cha shaba cha kupunguza nguvu ya nyuma ili magurudumu ya nyuma yasijifunge kabla ya yale ya mbele. Siku ya majaribio tulikwenda Raskazone, kwenye ile barabara iliyonyooka kati ya nyumba za kizamani. Mke wa fundi alikuja na gauni la kanisani. Mama alikuja na bajaji yake, akamwamuru dereva aegeshe pembeni, akakaa ndani humo na miwani yake, kama hakimu.

"Shikamoo mama," walisema fundi na mkewe.

"Marahaba. Haya, nione."

Fundi aliendesha, mkewe nyuma, mikono mapajani. Walikuja kwa mwendo ambao hata mimi uliniogofya. Alipofika usawa wetu alikanyaga. Gari halikulia, halikuvuta kushoto wala kulia. Lilisimama tu, kama limekumbuka kitu, na vumbi lake likalipita likaenda mbele peke yake. Lile gari zito la chuma, lililomdharau baba yangu mlimani, limesimama kwa mguu wa mtu mwembamba aliyevaa kandambili. Niliona machozi yananitoka nikajifanya nafuta vumbi.

Mama alishuka kwenye bajaji, akaenda hadi dirisha la nyuma, akamuuliza mke wa fundi, "Umeogopa?"

"Nimeogopa, mama. Sana. Lakini imesimama."

Mama akamtazama. Angejibu kwamba hakuogopa, najua tungerudi nyumbani na bajaji mpaka leo. "Alhamisi," mama akaniambia. "Na huyu aje. Tutakaa naye nyuma."

Alhamisi tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Mimi usukani, fundi kando yangu, mama na mke wa fundi nyuma, na katikati yao begi la mama lenye halua, vitambaa na dawa. Muheza, Korogwe, hakuna aliyezungumza sana. Mama alikuwa na tasbihi. Tulipoiacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kupanda, mke wa fundi alichangamka, maana mlima ni kwao hasa, si kama mumewe. Akawa anamtajia mama vijiji. Mto uko chini, ukuta wa mlima uko juu, na barabara imebanwa katikati kama uzi. Miaka yote ile nilikuwa sijapita nikiwa mimi ndiye dereva. Nilijiona mdogo sana.

"Simamisha," mama alisema ghafla.

Nikaijua kona kabla sijaitazama. Ukingo wa udongo umeota majani, lakini umbo lake ni lile alilolisimulia baba. Nilisogea pembeni, nikasimama, nikatia gia ya kwanza, nikazima injini, nikainua mguu, kama ninavyofanya kila siku mbele ya duka.

Injini ya kizee haikuweza. Gari lilianza kurudi nyuma, gu, gu, gu, kuelekea mtoni. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote na likashika hapo hapo. Mkono wangu wa kushoto ukaenda kwenye handibreki, nikaivuta, nayo ikapanda nyepesi kama kijiko kwenye bakuli tupu.

Fundi na mimi tukatazamana.

"Dada," alisema, na mkono kichwani. "Niliukata mwenyewe."

"Na mimi nilikutazama ukiukata."

"Wanaume wa tambarare!" mke wake akasema nyuma. "Kwetu mtoto hajajua kusoma anajua jiwe nyuma ya tairi." Akafungua mlango akaruka, na fundi akaruka upande wake, wote wakatafuta jiwe. Mguu wangu ulianza kutetemeka kuanzia pajani. Pedali ilikuwa ngumu, diski zimeng'ang'ania, gari halikusogea hata ukucha, lakini mguu haukuamini. Mlango wa mama ulikuwa wazi. Alikuwa ameufungua kushuka kabla gari halijarudi, na mguu wake mmoja ulikuwa tayari nje.

"Mama, shuka!" nilimpigia kelele. "Shuka haraka!"

Kwenye kioo nilimwona akiutazama ule ukingo wa udongo. Kisha akaurudisha mguu ndani, akafunga mlango.

"Mama, nakwambia shuka!"

"Nshashuka hapa mara moja," alisema. "Nikamwacha babako peke yake na gari yake, mikono ikimtetemeka, taa imevunjika, naye hata kuomba radhi hajamaliza. Nkapanda basi. Njia nzima nlitaka kurudi, nkaona haya. Kila nikiiona ile gari uani naona haya." Akavuta punje moja ya tasbihi. "Breki imeshika?"

"Imeshika, mama."

"Basi mie sishuki. Kanyaga tu, mwanangu."

Nilikanyaga. Miaka tisa tuliishi nyumba moja na nilidhani mama ana hasira, kwa sababu hasira ndicho kitu ninachokijua mimi. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kulikwepa gari kwa aibu. Nilimwona kwenye kioo, mwanamke mfupi mwenye goti bovu, amekaa wima na tasbihi yake, na mto uko nyuma yake, na nilishangazwa naye kuliko nilivyoshangazwa na ile sindano. Mguu ukaacha kutetemeka.

Mke wa fundi ndiye aliyerudi kwanza, na jiwe la ukubwa wa kichwa, akalisukuma nyuma ya tairi kwa kisigino cha kiatu chake cha kanisani. Fundi akaja na lake, dogo, akalitazama la mkewe, akalitupa lake. La mkewe tuliondoka nalo kwenye buti.

Lushoto mama mkubwa alikuwa barazani. Hakusikia gari wala salamu. Mama alipanda ngazi mbili kwa kushikwa, akasimama mbele yake, akavua miwani. Mama mkubwa alimtazama, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akaanza kumgombeza kwa Kikachi kwamba amekonda. Walikaa siku tatu wameshikana mikono, wakisengenya kwa ishara. Fundi alikwenda kulala kwa wakwe, na sisi tuliegesha gari kwa lile jiwe la mke wake.

Siku ya kushuka nilitia gia ya pili tangu juu na nilikanyaga breki kidogo kidogo, jinsi fundi alivyonifundisha. Hakuna harufu. Tulipofika kwenye kona mama akasema tena, "Simamisha." Mke wa fundi hakungoja kuambiwa, alishuka akaweka jiwe mbele ya tairi, akarudi kukaa. Mama hakushuka. Alilinyanyua begi lake lililokuwa katikati ya kiti, akalipakata. Mke wa fundi alimtazama, kisha akajisogeza mpaka akabanana na mlango wake, pakabaki nafasi ya mtu mzima.

Mama akaufungua mlango wa upande wake.

"Haya," alisema, kwa ile sauti aliyokuwa akimwitia baba kula. "Panda, twende nyumbani."

Akangoja kidogo, akafunga mlango. Fundi alikwenda kutoa jiwe, akalipakia kwenye buti. Nikatia gia ya pili, tukateremka.